Mashua Nimeizamisha Mimi, Lawama Nikampa Mvuvi

Bi Khairat, shikamoo, na unisamehe kwa barua ndefu, lakini nisipoiandika nitapasuka. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja hapa Voi, na nakuomba unisaidie kabla sijapoteza heshima niliyobaki nayo, ambayo si nyingi. Mwaka huu nilinunua mashua ndogo ya tanga kutoka kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anahama Kilifi, nikajifundisha kuiendesha kwa simu, video baada ya video, hadi mke wangu Mable akaniambia, "Baba watoto, hata usingizini unaongea na upepo," na Jumamosi moja wiki mbili zilizopita nikaibeba kwa pikapu hadi Ziwa Jipe, upande wa Mata, nikiwa nimemwalika mama mkwe wangu, Mama Tryphena wa Sagalla, aje aone binti yake ameolewa na mtu wa aina gani.

Nilivaa kofia nyeupe ya unahodha. Mvuvi mmoja wa pale, Katuku, akaja kutusaidia kusukuma, akaniuliza, "Mwalimu, umekagua huko nyuma chini?" maana mashua hii ina tundu la kutolea maji ikiwa nchi kavu, na lazima lizibwe kwa kizibo kabla haijaingia ziwani, na mimi nikamjibu mbele ya watu kwamba nimefundisha somo la kuelea miaka kumi na miwili, yeye amelifundisha mingapi? Akaendelea kusukuma. Tukaenda kama mita hamsini, tanga limejaa, Mable anapiga picha, ndipo mama akaniuliza kwa adabu zake zote, "Mwanangu, hii maji iko kwa miguu yangu ni ya ziwa ama ni ya mashua?" Nikamwambia ni kawaida, mama. Yalipofika magotini haikuwa kawaida tena, mashua ikaketi polepole kama ng'ombe aliyechoka, tukabaki tumesimama ziwani maji yako kifuani, mama gauni lake la kanisa linaelea pande zote, na viboko wanatuangalia kutoka kwenye matete. Katuku ndiye alikuja na mtumbwi wake kutuokoa, mama kwanza.

Sasa, Bi Khairat, shida yenyewe ni hii. Tulipofika ufukweni watu walikuwa wanacheka, na mimi, sijui ni shetani gani aliniingia, nikamnyooshea Katuku kidole nikasema, "Huyu ndiye alishika nyuma tukisukuma. Ametoboa mashua yangu!" Wakaniamini kwa sababu mimi ni mwalimu. Kamati ya wavuvi ikamkataza kugusa chombo cha mgeni yeyote au kumpakia mgeni mtumbwini, na kuwatembeza wageni ziwani ndiyo kazi inayomlisha. Kesho yake Mable akifua suruali yangu akakuta kizibo mfukoni, akakiweka kando ya chai yangu, akasema, "Sijui ni ya nini. Wewe ndiye mwalimu." Tangu hapo hajanisemesha. Nimefikiria nimpelekee Katuku unga na sukari kimyakimya, bila kueleza, mambo yaishe, maana nikikiri, wanafunzi, ambao tayari wananiita Sabmarini, watanimaliza. Nifanyeje?

Nahodha, Voi

*

Marahaba, "Nahodha". Jina hilo umejipa mwenyewe, basi nitalitumia hadi apatikane mtu wa pili anayekubaliana nawe.

Pole kwa kulowa. Kusahau kizibo si dhambi. Waliozaliwa majini husahau, wakarudi ufukweni, wakachekwa, wakanywa chai, yakaisha. Lakini wewe ulikumbushwa, tena kwa upole, na mtu anayelijua ziwa lile kama uwanja wa kwao, ukamjibu kwa miaka yako ya chaki. Kisha mtu huyohuyo akamtoa mama mkwe wako mbele ya viboko, na shukrani yako ikawa kumkatia riziki. Siku ile, mwanangu, tundu lililohitaji kuzibwa upesi zaidi lilikuwa chini ya pua yako.

Hiyo sukari ya kimyakimya iache jikoni. Ulimchafua kwa sauti, utamsafisha kwa sauti. Waogopa wanafunzi? Wakuite Sabmarini. Kuna jina baya zaidi linalokufaa, nao bado hawajalijua.

Jumamosi hii asubuhi nenda Mata, kofia iache nyumbani. Iombe kamati ikae, Katuku awepo, na kila aliyekusikia ukimsingizia. Sema: "Kizibo kilikuwa mfukoni mwangu. Katuku aliniuliza, nikamdharau." Usiongeze fizikia. Muombe radhi yeye kwanza, kisha uiombe kamati imrudishie kazi yake, wala usiondoke mpaka uwasikie wakitamka. Asipokusamehe, hiyo ni haki yake; mshukuru kwa kumwokoa mama, urudi zako.

Wala usidhani una muda wa kutafakari. Kabla ya barua yako nilipata ujumbe wa mama mmoja wa Sagalla, ambaye binti yake amemweleza yote. Aliniuliza: mkwe akishindwa kusema ukweli, mama mkwe anaruhusiwa kwenda kumsemea? Nimemjibu anaruhusiwa, ila akungoje hadi Jumamosi saa sita mchana. Amekubali, lakini ameshamwambia mtu wa bodaboda akae tayari.