Wito Uliobandikwa Mlangoni Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka mahakamani nimeshinda, na sielewi nimeshinda nini.

Hakimu amekubali. Mume wangu haonekani, huu mwaka wa nne. Mpeleka hati kamtafuta kazini kwake kwa zamani, kwa rafiki yake mwenye gereji, mpaka kwa kinyozi wake. Hakuna anayejua. Basi imeamriwa wito afikishiwe "kwa njia mbadala". Njia zenyewe mbili: ubandikwe kwenye mlango wa nyumba aliyoishi mara ya mwisho, na utumwe kwa meseji kwenye namba yake. Hapo sheria itahesabu ameupata, na kesi itasikilizwa awepo asiwepo. Tarehe 27.

Nimefika kituo cha basi ndipo akili ikarudi. Nyumba aliyoishi mara ya mwisho – si ndiyo hii! Yaani mimi niliyemshtaki ndiye nitakayebandikiwa mashtaka mlangoni! Nikampigia wakili wangu. Akacheka. Akasema ndiyo utaratibu, usijali. Nimejali.

Ninachotaka hakijai kiganja. Nipewe haki ya kumlea binti yangu peke yangu, niweze kusafiri naye. Kazi ya maabara niliyopata nje ya nchi inaanza 14 Aprili, na hawasubiri mtu. Pasipoti ya mtoto inataka sahihi ya baba au amri ya mahakama. Baba hayupo. Imebaki amri.

Mama mkwe sijamwambia. Tunaishi naye hapa hapa – mwanawe aliondoka, yeye akabaki na mimi. Mtu kama huyo unamwambiaje jambo kama hili? Unaanzia wapi?

Alhamisi, 6 Machi

Mpeleka hati amekuja asubuhi. Mimi namwita Bwana Gundi kwa sababu ya kopo analotembea nalo. Mwezi mzima tumekuwa tukipigiana simu, ananijua mpaka zamu zangu za hospitali. Lakini leo kapiga hodi kama mgeni, kavaa tai, kafungua faili, kasoma majina matatu ya mume wangu kwa sauti.

"Je, yupo?"

Nikamwambia, baba, si unajua hayupo? Akasema anajua, ila lazima aulize. Akaandika: hayupo.

Kisha akauliza kama kuna mtu mzima wa familia awezaye kumpokelea. Mimi sifai, mimi ndiye mdai. Hapo hapo Mama akatokea jikoni anafuta mikono. Sikuwahi hata kufungua mdomo! Bwana Gundi akamsomea yote – malezi, mtoto, safari. Nilitamani sakafu inimeze.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sipokei. Mimi si sanduku la barua." Akarudi jikoni.

Basi gundi ikapakwa. Karatasi mbili, muhuri wa bluu. Akapiga picha. Akapiga tena kwa sababu kichwa cha binti yangu kiliingia. Naye mtoto, Bi Maswali wetu, hakukosa la kuuliza: Baba atasomaje na hayupo? Bwana Gundi akajibu kwa upole kwamba sheria haisemi asome, inasema afikishiwe.

"Kwa hiyo mlango ndio unasoma?"

Bwana Gundi akafunga kopo lake. Kusema kweli hata mimi nilikuwa nasubiri jibu.

Ijumaa, 7 Machi

Karani wa wakili ametuma ile meseji saa nne, pamoja na picha ya wito. Tiki moja. Haijaenda.

Namba niliwapa mimi. Ni ile ile yake ya zamani. Kila Januari inaleta salamu kwenye simu yangu: "Heri ya kuzaliwa, mwanangu. Baba anakukumbuka." Hapo inazimwa mpaka mwaka mwingine. Nikipiga, haipatikani. Ndiyo maana hasira yangu haipoi. Angesahau kabisa ningeelewa. Lakini anakumbuka tarehe! Anakumbuka, na haji.

Jumamosi, 8 Machi

Mama anapita mlango wa jikoni. Mlango wa mbele haugusi. Mazungumzo yetu ya leo, yote:

Chumvi ipo?

Ipo.

Jumanne, 11 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimerudi kazini nikiwa nimelowa chepechepe, nikajua karatasi nayo imekwisha, itabidi tuanze upya na Bwana Gundi na tai yake.

Haijalowa. Imefunikwa na plastiki, ile ya kuhifadhia madaftari, imebanwa kwa pini nne pembeni, imenyooka vizuri. Binti yangu akaniambia ni Bibi, alipanda kigoda.

Alipanda kigoda! Na goti lile!

Nikamfuata jikoni. Nikamuuliza, Mama, si ulisema hupokei? Akasema hajapokea. Akasema, "Jina la mwanangu limeandikwa pale. Sitaki lilowe."

Nimekaa na maneno hayo jioni nzima. Kumbe miaka minne jina lake halijaandikwa popote humu ndani. Sisi wenyewe hatulitaji. Mimi nasema "yule", Mama anasema "mwenzio", mtoto anasema "Baba" kama mtu anayetaja mji ambao hajafika. Na mimi nimelirudisha kwa gundi. Nilijiona mbaya. Baadaye nikakasirika kwamba najiona mbaya – kosa langu mimi liko wapi?

Jumatatu, 17 Machi

Kajibu!!

Nimeitwa ofisini kwa wakili mchana, nikaondoka na koti la maabara. Karani akanionyesha simu. Tiki mbili za bluu. Imesomwa Jumamosi saa tisa alasiri (mimi na mtoto tulikuwa saluni tunasukwa). Chini yake jibu:

"Nimepata karatasi. Usimpeleke Bi Maswali mbali na bibi yake."

Nikaketi. Wakili amefurahi kweli kweli. Anasema hapo hakuna ubishi, kafikishiwa, tena kwa mdomo wake mwenyewe. Na kupinga kwa meseji si kupinga. Kama anapinga, aje mahakamani.

Yu hai. Sikujua kwamba nilikuwa sina hakika mpaka nilipoona. Nililia chooni hospitalini, sijui namlilia nani. Halafu nikabandika lebo za mgonjwa mmoja kwenye sampuli za mwingine, bahati nzuri mwenzangu akaona. Tangu nianze kazi sijafanya kosa hilo. Kwetu sampuli isiyojulikana ya nani haipokelewi, basi. Ndiyo kitu cha kwanza unachofundishwa.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwambia Mama. Nilijiandaa: nimpe kiti, maji yawe karibu, pengine apige kelele. Mwanawe kasema kitu baada ya miaka minne!

Alikuwa anachambua mchele. Akauliza, kasema nini? Nikamsomea. Akasema, "Haya." Mkono haukusimama. Kisha akauliza kama nimepitia sabuni.

Sabuni!

Simwelewi huyu mama. Au ndiye amechoka kupita mimi?

Jumatano, 19 Machi

Nilikuwa namfunga mtoto kamba za viatu.

"Mama, Baba amejuaje kwamba naitwa Bi Maswali?"

Alinisikia jana nikisoma. Nikasema labda Bibi alimwambia. "Bibi anaongea naye?" Nikasema, twende, tutachelewa.

Lakini njia nzima nikawa nahesabu. Jina hilo kapewa na Bibi mwaka jana, likizo ya Desemba, alipouliza kwa nini mwezi unatufuata. Mume wangu alipoondoka mtoto alikuwa na miaka mitatu na tulimwita Kibonge. Bi Maswali hajulikani nje ya nyumba hii.

Jumamosi ile saa tisa nani alikuwa nyumbani?

Hapana. Jamani, hapana.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemuuliza. Mtoto alikuwa shule, sisi tunaanua nguo. Sikuzunguka. Nikasema, Mama, ile simu iko wapi?

Akakunja shuka mpaka mwisho, pembe kwa pembe. Akaniambia iko kwenye sanduku lake, ndani ya taulo. Mwanawe aliiacha mezani siku anaondoka. Laini isiyotumika hufungwa, namba akapewa mtu mwingine. Yeye akasema haitafungwa. Akawa anaiwasha mara moja moja, anaangalia kama kuna aliyemtafuta, anaizima. Januari ile ya kwanza mtoto alishinda mlangoni akisubiri. "Nikaandika moja tu, mwanangu. Mwaka uliofuata akaniuliza, Bibi, Baba ataandika tena? Ningefanyaje?"

Kwa hiyo hasira yangu yote ya kila Januari ilikuwa inaenda kwa mtu asiyejua hata leo tarehe ngapi. Au anajua. Hatujui! Hakuna anayejua lolote!

Nikamuuliza, na wito je? Kwa nini ulijibu?

Akasema, "Niliulizwa, nikajibu."

Nikamwambia, kama hutaki tuondoke si ungeniambia mimi? Tunakula meza moja! Akasema hana haki ya kunizuia, mimi si mwanawe, na mtoto ni wangu. Akasema kwa mdomo wake asingeweza. Kwa hiyo ombi lake limezunguka mji mzima, limepitia kwa karani na kwa wakili, ndipo likanifikia mimi niliyekaa chumba cha pili.

Nililia hapo hapo, na pegi mkononi. Nililia kwa hasira, ijulikane. Nilitaka pia kumkumbatia. Sikumkumbatia.

Kisha akauliza, mahakama ikikubali kwamba amefikishiwa, wanaandika? Wanaandika, Mama. Kwenye faili? Kwenye faili, na muhuri. Akasema, basi atakuwa yupo mahali.

Mama, aliyefikishiwa ni wewe!

"Najua," akasema. "Lakini wao wataandika yeye."

Jumapili, 23 Machi

Sijui nifanye nini. Nikisema ukweli, meseji inatupwa. Nisiposema, tunaondoka, kazi ninayo, shule ya mtoto ninayo, na Mama anabaki na mlango wenye plastiki na mtoto wake ndani ya faili. Na yeye mwenyewe hanibembelezi niseme wala nisiseme. Kaniambia, sema utakalo, mimi ulimi wangu haumo.

Angenigombeza ingekuwa rahisi zaidi.

Leo kapitia mlango wa mbele. Akasimama kidogo, akasoma, akaingia.

Jumatano, 26 Machi

Kwa wakili. Nikajaribu kwa mbali: je, ikitokea kwamba namba hiyo…

Akainua mkono juu kama trafiki. Akasema nisimwambie. "Ukiniambia nitakuwa najua, na nikijua siwezi kusimama pale." Akasema kama meseji ina walakini, tutaomba tangazo la gazeti, wiki sita kwa uchache. Nikasema 14 Aprili itakuwa imepita. Akasema ndiyo. Akanifundisha: jibu unachoulizwa, usiongeze. Ukiulizwa kama namba ni ya mumeo, ni ya mumeo?

Ni yake.

Basi, akasema.

Kumbe ukweli nao unakatwa kipande kinachotosha!

Nikamuuliza swali moja la mwisho: nani anasoma gazeti kurasa zile za matangazo? Akafikiri. Akasema, mawakili.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika kwenye benchi la korido ya mahakama, daftari gotini. Mikono inataka kazi.

Mama amekuja. Sikumwomba. Nimeamka nikamkuta kavaa gauni la kijivu la siku kubwa, mkoba mapajani, viatu tayari. Mtoto tumemwacha kwa jirani na maswali yake. Nilimshika mkono kuvuka barabara, na tulipofika ng'ambo hatukuachana.

Bwana Gundi yuko pale ukutani, kaja kula kiapo kwamba alibandika. Kanipungia. Picha anazo, ikiwemo ile ya kichwa.

Karani wa mahakama ametoka na faili letu. Utaratibu wao: jina linaitwa mara tatu koridoni kabla ya shauri kuingia. Majina matatu, kwa sauti ya kukusanya watu.

Mara ya kwanza Mama kasimama. Sijui kama anajua kwamba kasimama. Anatazama kule kwenye ngazi. Watu wamepisha kama vile kuna mtu anapita.

Mara ya pili. Bado kasimama. Mimi nami nimetazama ngazi, Mungu anisamehe.

Mara ya tatu. Hakuna. Nimemvuta taratibu, ameketi.

Wakili ameniinamia: jiandae, tunaingia sasa hivi. Bado kitu kimoja, anasema, hakimu kaagiza kwa kuwa jibu lilikuja kwa simu, karani aipige ile namba hapa, mara moja, mbele ya pande zote, ndipo aandike. Huwa haipatikani, usiwe na wasiwasi.

Karani anabonyeza, anasoma tarakimu kwenye faili, anaweka simu sikioni.

Kimya. Nimeanza kupumua.

Mkoba wa Mama unaita.

Simu ameiwasha mwenyewe, basi. Ameileta ikiwa imewashwa. Karani anageuza kichwa, Bwana Gundi naye, wakili wangu anatazama dari kama mtu asiyejua. Mama amefungua zipu. Simu iko kiganjani mwake, kioo kimepasuka, taulo nusu limening'inia. Inaita. Hatazami simu. Ananitazama mimi, na anauliza polepole kama anavyouliza chumvi:

"Nipokee?"