Kabati Lenye Pantoni ya Kisorya

Ursula,

Dagaa wako kwenye sufuria. Mimi nimeenda Bugwema kupalilia pamba.

Fundi analeta kabati la vyombo mchana. Mimi nilitaka lile la maua, lakini asubuhi baba yako kasema ameshachagua lenye picha ya pantoni ya Kisorya milangoni, ile inayovusha watu ziwani. Hakuniuliza. Nikaenda kwa fundi kulikataa.

Nikakuta amechora msichana kwenye pantoni, kabeba beseni. Kumbe baba yako, anayesahauga hata chumvi, ndiye aliyemwelekeza: hivyo ndivyo alivyoniona mara ya kwanza.

~~Milango uifunike na kile kitambaa kikubwa.~~ Usiifunike.

Mwambie fundi arudi na brashi. Siku hizi rangi zimejaa madukani, hana kisingizio. Beseni langu lilikuwa jekundu, siyo bluu.

Mama