Jina la Kumfokea

Split, 3 Februari 1971

Baba,

Kifua chako hakijambo? Upepo wa bura umeacha kigae chochote juu ya nyumba? Mimi mzima, usingizi tu ndio umenihama. Mtoto bado yumo kwenye kisanduku cha kioo chenye joto. Anapumua, anasahau, anapumua tena. Mwanao Frane hapati ruhusa kazini ya kutoka Munich kabla ya Pasaka.

Sasa, Baba. Luce wa huko kijijini kaja kunitazama hospitali, ananiambia umeshawanywesha majirani mvinyo kwa ajili ya “Živko mdogo”. Kakuruhusu nani? Najua mjukuu wa kwanza huchukua jina la babu. Lakini Živko ni “aliye hai”. Nikimwita hivyo nakiri mbele za watu kwamba anaweza kufa. Sitaki. Ataitwa Damir.

Jibini ilifika, nimeila yote.

Mkweo, Jasenka

Kijijini, 9 Februari

Mwanangu,

Kifua kinakohoa kama trekta, basi kipo. Majirani nimewaambia wautapike ule mvinyo, wamekataa.

Mama yangu alizika watatu kabla yangu. Nilipozaliwa, mwili wa buluu, wanawake wakamwambia, “Mpe upesi jina la babu yake, azikwe nalo.” Akawajibu, “Babu atasubiri. Huyu ni Živko.” Hakuwa anakiri kitu, mwanangu. Alikuwa anatoa amri. Kuniita mezani, kunituma kwa kondoo, kunichapa, amri ilikuwa ile ile. Mzee mzima mimi, bado namtii.

Ila mama ni wewe. Akiwa Damir, nitamimina upya.

Baba yenu

Kijijini, 20 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Na yeye? Mleta barua akipita bila kusimama namtukana, naye hana kosa. Niandikie hata neno moja.

Baba yenu

Split, 24 Februari

Baba,

Usimtukane tena, mkosaji ni mimi. Sikuweza kushika kalamu.

Jumapili mtoto aliacha kupumua. Wauguzi wakanisukuma nje, wakamzunguka. Nikabaki nyuma ya kioo, nalitafuta jina Damir mdomoni, halitoki. Kilichotoka wodi nzima ilikisikia. Sikulia, Baba, nilimfokea, kama unavyomfokea mtoto aliyeinamia kisima. Tena na tena.

Akakohoa. Kama wewe.

Tangu siku hiyo hajasahau kupumua. Leo amenyonya mpaka akasinzia.

Majirani usiwaambie kitu kwanza. Ngoja nije naye, nivuke kizingiti, ndipo umimine.

Mama Živko