Ndege ya jeshi na mpunga wa mama

Ijumaa, jioni. Anga ni jeupe na baridi ya mwezi wa sita haijaondoka tangu asubuhi. Leo nina dharau nyingi kuliko nilivyojua naweza kubeba.

Nianze na mwenyekiti wa kitongoji chetu. Wiki iliyopita alitangaza kwamba italetwa ndege kunyunyizia sumu kwelea kwelea wanaolala kwenye matete ng'ambo ya mto. Siku hiyo watu wote watoke mashambani, wafunike visima, wafungie kuku. Hadi hapo sina neno. Kwelea kwelea tunawajua, vindege vinavyoshuka kwa maelfu kula mpunga. Mpunga ukianza kuiva, kila nyumba huku upande wa Lupiro inashinda shambani ikiamia: unakaa juu ya dungu tangu alfajiri, unavuta kamba za makopo, unarusha udongo kwa kombeo, unapiga kelele mpaka sauti inakauka.

Jumatatu mchana ikapita ndege.

Niliitambua kabla haijafika juu yetu. Mabawa yamekaa mgongoni, injini nne za jeti, mkia wenye umbo la herufi T. Ni ndege ya kijeshi ya mizigo, ya zile zinazovuka bara moja hadi jingine na malori na helikopta tumboni. Picha yake imo kwenye kitabu kisicho na jalada nilichoazima maktaba ya parokia. Nimekisoma mara tatu, kamusi pembeni. Ndege za kunyunyizia ni ndogo, zina pangaboi moja puani, na hupita karibu kugusa matete. Hii ilikuwa inakwenda zake huko juu, haina habari kama tupo.

Mwenyekiti akapanda bodaboda na kipaza sauti. "Imeshapiga dawa. Siku tatu mtu asikanyage shambani."

Watu wakakusanyika njiapanda. Nikamwamkia, nikasema ile ni ndege ya jeshi, hainyunyizii dawa, hubeba hata helikopta. Nilisema mara moja tu, nikiangalia ndala zangu.

"Ndege ndani ya ndege," mwenyekiti akasema. "Kesho huyu binti atatuambia kuku wa mama yake ana kuku mwingine tumboni, anampeleka sokoni."

Wakacheka. Baba Deo, jirani yetu, alicheka mpaka akaegemea baiskeli yake, kisha akasema kichwa kinamuuma kwa harufu ya sumu.

Harufu ya sumu. Jioni mke wake alikuwa anamnywesha maziwa kuiondoa.

Leo tumerudi shambani. Mpunga uliojaa huinama. Wa kwetu umesimama wima kama askari kwenye gwaride. Mama alivunja suke moja, akalisugua viganjani, akapuliza. Hakikubaki kitu. Ekari ile ndiyo chakula chetu mpaka mwakani. Kimesalia kipande cha kando ya kijito, tulichokipanda mwisho, ambacho ndiyo kwanza kinachanua.

Wakati wa kurudi tulimkuta mwenyekiti. Anasema dawa ya mwaka huu ni hafifu. Shamba lake mwenyewe limeliwa, na bado anailaumu dawa ambayo haikumwagwa hata tone. Baba Deo alikuwa kando yake, anaitikia kwa kichwa, kile kile kilichokuwa kinauma.

Mama alimsema mwenyekiti njia nzima. Nami nikamsaidia, na leo sauti yangu ilitoka vizuri sana.

Sasa lile ambalo sijamwambia mtu.

Jumatatu ile ile, tukichambua majani ya maboga, mama aliniuliza: "Wewe una uhakika? Kama una uhakika, kesho tunakwenda sisi wawili, wao wacheke mpaka wachoke."

Nilikuwa na uhakika kama nilivyo na uhakika wa jina langu.

Nikasema, "Sijui, mama."

Ningependa kuandika kwamba nilimwogopa mwenyekiti. Hapana. Nilikuwa nimeshaziona siku tatu bila kombeo, bila kupiga kelele watu wakinisikia, mimi na kitabu changu kitandani. Nilizitaka. Na nilizipata. Nimemaliza sura yote ya injini, nimeuchora mkia ule kwenye daftari na kuutia kivuli, na muda wote huo kwelea kwelea walikuwa wanakula.

Mwenyekiti hakujua. Baba Deo hakujua.

Mimi nilijua.

Kesho alfajiri tunakwenda kuamia kile kipande cha kijitoni. Ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mama atatangulia na makopo, na najua atamsema tena mwenyekiti. Nitamwacha amalize, halafu nimwambie kwamba nilijua? Au nitamsaidia tena kumsema?