Udongo wa Lugano

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimepata daftari la maandalio ya somo lililobaki nilipostaafu. Jipya kabisa. Nitaandika humu. Nyumba ikibaki na mtu mmoja maneno yanarundikana mdomoni, na kuku wamechoka kunisikiliza.

Leo nimemwona mwanangu akifungwa mabao ishirini na nane. Nilipanda bodaboda kutoka hapa Nkunga mpaka Msasani ya huku kwetu, kwa Jairo mwenye steshenari. Nilimfundisha darasa la tatu — kugawanya hakujui mpaka leo, lakini kompyuta anaijua. Simu yangu ni kitochi, haionyeshi mtu. Ni mpira wa mikono, Kombe la Ulaya la vilabu vya wanawake. Timu ya binti yangu Lugano ni ya mji mdogo huko Slovakia, wanavaa kijani, na yeye ndiye golikipa. Walikuwa ugenini kwa Wagiriki. 28 kwa 25. Wanarudiana Jumapili ya tarehe 27.

Jairo akanipa pole. Nikapokea kwa uso wa huzuni. Mwongo mkubwa mimi! Moyoni nilikuwa nahesabu siku. Lugano aliniambia kwenye simu: Mama, tukitolewa tu Ulaya, kocha ananipa wiki tatu nije nyumbani. Kabla ya hapo haiwezekani, golikipa wa pili hajaiva, wanamwamini kwenye ligi ya kwao tu.

Basi wafungwe. Nimeshaandika. Wafungwe, mtoto aje.

Jumapili, 20 Oktoba

Niandike na habari ya ndoo.

Mume wangu Amoni alifariki mwezi wa nane. Karatasi za Lugano za ukaazi zilikuwa ofisini kule, angetoka asingeruhusiwa kurudi. Tukazika hapa nyumbani, pembeni ya migomba, mtoto wetu wa pekee akiangalia kwenye simu ya shemeji yangu Andongwisye. Watu wakapita mmoja mmoja, wanachota udongo kwa kiganja, wanatupia. Lugano akauliza: Na mimi nitatupia nini? Hakuna aliyemjibu. Mimi mama yake sikumjibu. Mtandao ukakata.

Andongwisye ndiye aliyechota udongo wa pale kaburini akajaza ndoo ndogo. Akasema, huu wa mtoto, na kwa ukoo wetu msiba haufungwi wala kaburi halijengewi mpaka autupe. Nimeiweka nyuma ya mlango wa jikoni. Nimeifunika na sinia.

Lugano sijamwambia kama tunamsubiri. Angeacha kazi, angepanda ndege kesho yake, na asingerudi tena golini.

Jumapili, 27 Oktoba

Kumbe Wazungu wana tabia ya kusogeza saa! Nimefika kwa Jairo saa kumi na moja kama wiki iliyopita. Akacheka. Mwalimu, wamerudisha saa nyuma usiku wa kuamkia leo, mechi ni saa kumi na mbili. Taifa zima linaamka linakubaliana kwamba saa ni nyingine. Darasa langu lisingekubali.

Nikasubiri. Kamera ya ukumbini ilikuwa imeshawashwa, viti vitupu, hakuna mtangazaji. Kisha akaingia mtu mmoja peke yake — mwendo wa baba yake kabisa. Akaenda mpaka golini, akainama, akagusa sakafu, akarusha mkono kuelekea wavuni. Nikadhani ananyoosha viungo. Nikasogea mpaka Jairo akaniambia nitavunja kioo.

Wameshinda 30 kwa 24. Wamepita. Jairo alitaka kunibeba.

Jumamosi, 16 Novemba

Wamewatoa Waturuki. Sina la kuandika. Mvua.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Nimepika ndizi na nyama, sufuria ile kubwa, mkono umezoea. Nimekula leo, nitakula kesho, na keshokutwa. Nimeweka vikombe viwili mezani, nikaona, nikarudisha kimoja kabatini. Halafu nikakitoa tena. Nani atanicheka?

Lugano alipiga saa nane. Ligi yao imesimama siku nne tu. Kule theluji, anakaa na msichana wa Hungaria, hawaelewani lugha ila wanapikiana. Akasema: Mama, Januari tuombee, tukishinda tunaingia robo fainali. Nikasema ninaomba. Kweli ninaomba — hakuuliza ninaomba nini.

Kisha akauliza kaburi la Baba likoje. Nikasema zuri.

Jumapili, 19 Januari

Walishinda jana, wako robo fainali. Leo mchungaji ametangaza kanisani: binti yetu wa Nkunga anadaka Ulaya nzima! Wamenisimamisha. Kanisa lote likaomba ushindi, kwaya ikapiga makofi. Watu mia mbili wanavuta huku, mimi peke yangu navuta kule, tena nimesimama katikati yao nimefumba macho. Nikasema Amina. Ee Bwana, hiyo Amina usiihesabu.

Mama Lilian, jirani yangu, akanikumbatia akisema una raha wewe. Nikarudi nyumbani na raha yangu, nikafungua mlango mwenyewe, nikawasha moto mwenyewe.

Jumatano, 29 Januari

Kaburi limetitia. Upande wa kichwani limeingia kiasi cha kiganja. Mvua ya siku tisa mfululizo. Nimetandika turubai, nimebana kwa mawe. Upepo ukiligusa linapiga makelele kama mtu anakunja magazeti. Amoni alikuwa mtu wa kusoma magazeti.

Ndani ya ndoo udongo umekauka, umepasuka. Vibaya vyote viwili! Kule maji yamezidi, huku hakuna. Nimeunyunyizia kidogo.

Jumamosi, 22 Februari

Wameshinda. Nusu fainali! Mabao kumi na tisa ameyazuia kwa mikono, miguu, moja kwa shavu. Amebaki na alama nyekundu. Kwa Jairo siku hizi tunajaa, fundi cherehani, mama wa maparachichi, watu ambao juzi hawakujua kama mpira unaruhusiwa kushikwa. Wananiita Mama Golikipa. Wakishangilia nashangilia. Nikifika nyumbani koo linauma na sina wa kumwambia kwa nini.

Jumanne, 25 Februari

Andongwisye amekuja asubuhi. Akanisalimia: Ugonile, shemeji. Akaenda moja kwa moja migombani, akafunua turubai, akachuchumaa. Alikaa muda mrefu. Aliporudi hakunywa chai.

Akasema: Kabuli linakwisha. (Miaka arobaini anasema kabuli. Nilishaacha kumsahihisha.) Akasema wazee wamekaa, mwisho ni Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili. Lugano akiwepo atatupa udongo wake, asipokuwepo utatupwa na mwingine kwa niaba yake, na fundi ataanza siku hiyo hiyo. Nikamwambia ni wewe uliyejaza ndoo. Akasema ndiyo, ni mimi, na ni mimi ninayemwona kaka yangu anazama kila nikipita. Shemeji, hata mimi nimezeeka, nataka nimwone amelala pazuri.

Sina hata wa kumkasirikia.

Nimehesabu. Nusu fainali inaisha tarehe 30 Machi. Fainali ni Mei. Wakitolewa nusu fainali, Pasaka yuko hapa. Wakipita, Pasaka hayupo. Ni hivyo tu, hesabu ya darasa la kwanza.

Jumamosi, 22 Machi

Wamefungwa! 26 kwa 22, ugenini, kwa Wakroatia. Mabao manne ni mengi, Jairo anasema ni mlima. Watu walitoka kimya. Nilinunua nyama.

Jumatano, 26 Machi

Nimeanika godoro lake jua lilipotokea, nikalikimbiza ndani mvua iliporudi, mara tatu. Nimefua shuka. Nimemwambia Andongwisye Pasaka mtoto atakuwepo. Akanitazama. Umejuaje? Nikasema najua. Akasema ndaga fijo, asante sana, na akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, kitu ambacho hajawahi kukifanya.

Mama gani anatandika kitanda juu ya mwanawe kushindwa? Nimejiuliza hivyo huku natandika.

Jumapili, 30 Machi

Niandike polepole.

Sikuwa na haraka leo. Mechi saa kumi na mbili, kama zote tangu Oktoba. Nikatoka kanisani, nikala, nikafika Msasani saa kumi na mbili kamili nikijisifu kwa kutochelewa. Nje ya duka nikasikia kelele. Jairo akatoka mbio: Mwalimu, ulikuwa wapi? Zimebaki dakika chache! Wamesogeza saa tena, mechi imeanza saa kumi na moja! Wameirudisha ile waliyoichukua! Mimi nilidhani wakishasogeza wamesogeza. Miaka thelathini na tano nimefundisha watoto kusoma saa!

Wakanipisha kiti. 27 kwa 22, wa kwetu wanaongoza. Nikajumlisha kichwani: 49 kwa 48. Bao moja mbele.

Lugano nilimwona kama sijawahi kumwona. Jasho, nywele zimeshikamana, hasikii mtu. Mpira unakuja, anaurudisha. Unakuja tena, anaurudisha. Fundi cherehani akasema hajaruhusu bao dakika kumi na moja. Hivi ndivyo anavyofanya nikiwa sipo, nikawaza, na nikiwepo huwa nafanya nini? Huwa nakaa namtakia mabaya.

Muda ukaisha. Refa akaonyesha penalti ya Wakroatia. Jairo akanieleza kwa sauti ya chini: ikiingia wanalingana, watapigiana penalti, lolote linaweza kutokea. Basi bado nilikuwa na nafasi. Pasaka bado ilikuwepo. Shuka ziko kitandani.

Yule dada akasimama, mrefu huyo. Lugano akasogea mbele hatua mbili, akafungua mikono.

Nikasikia mtu anapiga kelele "Daka, mwanangu! Daka!" Ni mimi. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti cha Jairo na viatu vyangu vya kanisani.

Akadaka. Kwa mguu, lakini sisi tunaita kudaka.

Wenzake wakamrukia, ukumbi ukalipuka, na duka nalo. Wakamwachia. Halafu — wengine hawakuona, walikuwa wanakumbatiana — akawapa mgongo wote, akarudi golini. Akainama. Akagusa sakafu kwa kiganja, akafunga ngumi, akanyanyuka, akaitupa ile ngumi wavuni na kufungua vidole. Taratibu. Akasimama anauangalia wavu.

Mama wa maparachichi akasema ona anavyoringa!

Haringi. Ndivyo tulivyotupa siku ile, mmoja mmoja. Na Oktoba nilimwona, ukumbi mtupu, nikasema ananyoosha viungo. Mwalimu mzima. Aliuliza atatupia nini, hatukumjibu, akajijibu mwenyewe, na amekuwa akitupa tangu siku hiyo hana hata chembe ya udongo.

Nimelia kwa Jairo mbele za watu. Wakasema ni furaha. Wamenisindikiza mpaka kwenye bodaboda.

Jumatatu, 31 Machi

Saa mbili asubuhi. Hakuna mvua.

Andongwisye alikuwa hapa kabla sijafungua kuku. Habari zimefika kijijini kote: timu imepita, fainali Mei. Hakunilaumu kwa lile nililomwahidi. Amekuja na kamba na vijiti, yuko migombani anapima. Fundi yupo barabarani anasubiri kuitwa aone ukubwa wa kazi. Nimemwambia shemeji anipe muda kidogo. Akasema nakupa, lakini mvua haitoi.

Nimeitoa ndoo jikoni, nimeiweka hapa barazani miguuni pangu, nimeondoa sinia.

Lugano amepiga. Sauti imekauka kwa kushangilia. Mama, uliona? Nikasema niliona, nilichelewa lakini niliona. Akacheka, akasema nilijua unaniombea, ile ya mwisho nilisikia kabisa kuna mtu ananiombea.

Nikashindwa kumwacha nayo hiyo. Nikasema, Lugano, kuanzia Oktoba nimekuwa naomba mfungwe.

Nikadhani mtandao umekata. Haukukata, nilisikia anapumua.

Akasema: Kwa nini, Mama?

Nikasema, jana ulipomaliza ulitupa nini wavuni?

Nikaanza kumwambia, kuna ndoo hapa, baba yako mdogo aliijaza siku ile — hapo ndipo mtandao ulipokata kweli. Sijui amesikia mpaka wapi. Ndoo ameisikia? Habari ya Pasaka sikuwa nimeifikia. Kama atauliza aje au abaki, nitasema nini? Nikisema njoo, anaacha fainali. Nikisema baki, udongo wake unatupwa na mkono wa mtu mwingine. Nimeuchota kidogo nione. Mwekundu, mwepesi, umejaa kiganja kimoja tu.

Andongwisye anaita kutoka migombani: Shemeji, nimwite fundi, au nisimwite?

Na simu inaita.