Tangazo kwenye Mlango wa Choo

3 Machi

Mdogo wangu mpima ardhi,

"Bonde hili ni eneo tupu, halina matumizi." Ndivyo mlivyoandika, na sahihi ya chini ni yako, nimeitambua kwa ule mkia wake kama wa mjusi. Tangazo mmelipigilia kwenye mlango wa choo changu. Sasa nieleze: kama eneo ni tupu, misumari mliigongomelea hewani?

Hasira imenisahaulisha salamu. Hujambo? Kikohozi cha mkeo je? Mimi magoti yananisumbua, ulimi mzima.

Mnataka kufukia bonde mjenge maduka. Nimelima hapa miaka ishirini na miwili. Mboga mnazokula ofisini hutoka kwenye utupu huo. Na mvua yote inayoteremka kutoka huko kwenu hulala hapa. Mkilifukia, italala wapi?

Dada yako

11 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo. Kikohozi kimepona. Usininunie, "tupu" ni neno la kazi tu, maana yake eneo halina hati. Malori ya udongo yanaanza wiki ijayo, na wewe utahamishwa mwezi wa tano. Mkuu wangu keshaamua.

Halafu, bikoni namba kumi na nne, lile jiwe la zege la mpakani, halionekani. Hujaliona?

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa hukustahili.

Kumbe asiye na karatasi ni mtupu! Wewe cheti cha kuzaliwa ulikipata ukiwa na miaka kumi na miwili. Miaka yote hiyo mama alikuwa amembeba nani mgongoni? Na nani alinikojolea gauni la sikukuu? Hewa?

Hilo jiwe nilidhani mafundi wamelisahau. Limetulia vizuri sana, nimelikalia ninapokuandikia.

Dada yako, asiye na hati

29 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mwezi na nusu hatujaandikiana. Magoti yanaendeleaje? Sisi ni wazima, ila tumelowa.

Naandika nikiwa juu ya meza. Malori yalikuwa yamefukia nusu ya bonde mvua ilipoanza. Maji yalikosa pa kulala, yakarudi huku kwetu hadi chumba cha ramani bila hodi. Ramani zinaelea. Mkuu yuko juu ya kabati, ameshika viatu mkononi, anauliza nani aliruhusu maji yaingie.

Malori yamesimamishwa. Nimeagizwa niandike upya maelezo ya bonde. Nina kalamu na karatasi moja kavu, na sijui nianzie wapi. Nisaidie.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole. Magoti yamepata nafuu. Nimecheka hapa hapa juu ya jiwe lenu.

Barua hii isome kwa sauti, mkuu wako aisikie huko juu ya kabati. Nawaambia ninyi wa chumba cha ramani, kila mmoja mwenye kalamu: futeni "tupu". Andikeni kwamba hapa pana mtu, pana mboga, na maji yenu hulala hapa. Kisha zoeni udongo wenu, na tangazo mje mling'oe wenyewe, mlango usichubuke.

Mkimaliza, bikoni nitawarudishia. Kabla ya hapo sinyanyuki.

Dada yako