Kura Iliyoniangukia

Kwa dada yangu Ovia,

Salamu nyingi kutoka huku kambini. Hujambo? Watoto hawajambo? Na kikohozi cha shemeji Trebi, kimepoa? Mimi ni mzima wa kadiri. Bega limefunga, ila baridi ikizidi linanikumbusha kwamba lilikatwa.

Vita vimekwisha, tumeshinda. Ndivyo tulivyoambiwa, nami sina nguvu za kubisha. Aliyenikata bega alinitukana kwa lafudhi ya bonde letu kabisa, nikajua ni mtu wa kwetu kabla sijamchoma mkuki. Warumi kwa Warumi, dada. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Nimechoka, hata uji wa ngano naumeza kama dawa.

Najua shemeji hataki kusikia jina langu. Sijasahau chakula kile cha mwisho, alipoapa kwamba anayewafuata majemadari dhidi ya Seneti si ndugu yake, na siku nitakayokanyaga kizingiti chake yeye atatokea mlango wa nyuma. Ulilia, ukatuambia vichwa vyetu ni vigumu kuliko jiwe lenu la mpaka, maana lile angalau limepasuka. Hukukosea.

Sasa nisikilize. Malipo yetu askari ni ardhi, na ardhi yenyewe inatwaliwa huko bondeni kwenu, kwa sababu mlikuwa upande wa pili. Juzi tulipiga kura, kila mtu akachomoa kigae mtungini. Mpimaji akanisomea changu: shamba lenye chemchemi, miti ya mierebi, na jiwe la mpaka lililopasuka. Wenzangu wakanipongeza kwa kupata maji, kisha wakaniuliza mbona nimenuna kama mtu aliyeokota nyoka.

Ni shamba lenu, dada. Nimepewa shamba lenu.

Nikilikataa atapewa mwingine, na aliyenifuata foleni alikuwa akijigamba kwamba atakaowakuta kwake atawafukuza pamoja na mbwa wao. Kwa hiyo nimelipokea. Msihame, msifungashe hata chungu. Limeni kama mlivyozoea. Ila sheria inataka niishi humo, nisipoishi linachukuliwa. Mlainishe shemeji kabla sijafika, nakuomba.

Mwambie asitokee mlango wa nyuma. Milango yote miwili sasa ni yangu kisheria, na naona aibu hata kuandika hivyo. Nitasimama nje nipige hodi, mpaka yeye mwenyewe aniambie karibu.

Wabusu watoto, na mmwagilie mama divai kaburini kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Numerio